Jinsi ya Kuomba Kibao cha Historia kwa Mji Uliotoweka Texas

Ukitoka Albany, Texas, kwenda kaskazini kwa barabara ya US 283, baada ya maili kama 15 unafika Fort Griffin. Kilimani jeshi lilijenga ngome mwaka 1867. Chini ya kilima, kuelekea mto, ukaota mji ambao wenyeji waliuita the Flat: wawindaji wa nyati wa Marekani waliuza ngozi hapo, na wachunga ng'ombe walipita na makundi yao wakielekea kaskazini. Mwaka 1881 jeshi lilifunga ngome, na mwaka huohuo reli ikafika Albany badala ya kupita hapo. Nyati nao walikuwa wamekwisha. Wafanyabiashara wakafungasha, mji ukarudi kuwa majani.

Miji ya aina hiyo ni mingi Texas, na mingine haina hata jiwe la kuonyesha ilipokuwa. Kama unao mmoja akilini, vile vibao vya alumini vya kando ya barabara hutolewa na Tume ya Historia ya Texas, THC kwa kifupi. Mtu yeyote au kikundi chochote kinaweza kuomba.

Hatua ya kwanza: hakikisha kibao hakipo tayari. Ingia Texas Historic Sites Atlas kwenye intaneti; vibao vya jimbo zima vinapita 16,000. Tafuta kwa kaunti, usitegemee jina la mji peke yake, maana baadhi ya miji hii ilibadilishwa majina.

Hatua ya pili: kamati ya historia ya kaunti. Ombi haliendi moja kwa moja Austin, yaliko makao makuu ya THC. Linapitia kwa kamati hii, nayo ndiyo inayolikagua na kulipeleka THC. Wajumbe wake ni watu wa kujitolea, wana kazi zao nyingine, kwa hiyo wapigie simu mapema, kabla hujaandika hata ukurasa mmoja. Mara nyingi wao ndio wanaojua ardhi ni ya nani na ni bibi gani ana picha za zamani sandukuni.

Hatua ya tatu: kibali cha mwenye ardhi, kwa maandishi. Hapa andaa maneno yako, kwani wengi huogopa kwamba serikali itawafunga mikono juu ya shamba lao. Mweleze ukweli: kibao cha kueleza habari ya mahali ni cha kuelimisha tu, hakizuii matumizi ya ardhi. Hadhi inayopewa majengo ya kihistoria ndiyo yenye masharti, na wewe huombi hiyo. Ukitaka kibao kisimame ndani ya eneo la barabara kuu ya jimbo, kibali kinatoka kwa idara ya barabara, TxDOT.

Hatua ya nne ndiyo kazi yenyewe: maelezo ya historia, kurasa 5 hadi 10, kila dai likiwa na tanbihi. Yanatakiwa kueleza mazingira ya wakati huo, habari ya mji, na kwa nini mji huo una uzito. Swali hilo la mwisho ndilo linaloangusha maombi. Kila mtu atakusimulia kwamba Doc Holliday, mcheza kamari na mpiga bastola maarufu wa enzi hizo, alicheza karata hapo. Msikilize, mshukuru, kisha nenda kwenye makabati ya karani wa kaunti ukasome hati za mauziano ya viwanja. Tazama sensa ya 1880. Ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington mwaka 1921, usipoteze muda kuitafuta. Kumbukumbu za wakuu wa posta zitakuonyesha posta ilifunguliwa lini na kufungwa lini, na hizo mara nyingi ndizo tarehe za kuaminika kuliko zote za uhai wa mji. Magazeti pia: Fort Griffin ilikuwa na lake, Fort Griffin Echo, lililoanza 1879 na kuzimika 1882, mwaka mmoja tu baada ya ngome kufungwa. Ushahidi kama huo unasema zaidi ya hadithi kumi za bastola. Eleza pia mji ulikufaje. Waandishi wengi huishia siku za raha.

Hatua ya tano ni fomu na fedha. Maombi hupokelewa katika kipindi maalumu cha mwaka, na tarehe zimewahi kubadilishwa, hivyo soma tovuti ya THC ya mwaka huo. Ada ya ombi imekuwa dola 100. Ukikubaliwa, gharama ya kibao chenyewe ni juu yako, nayo inapita dola 1,000. Anza kuchangisha mapema.

Maneno ya kibaoni huandikwa na wafanyakazi wa THC, si wewe. Watakutumia rasimu uipitie. Usiibishanie mtindo, kagua kila jina na kila mwaka ukiwa na hati zako mkononi, maana rasimu ikishapitishwa inakwenda kiwandani kumiminwa.