Mabenchi yakiwa wazi, usikimbilie kubadilisha kipindi: namna ya kupanga ratiba ya kibanda umiza

Nina kibanda umiza, kibanda cha kuonyesha mpira, muvi na tamthilia kwa kiingilio, hapa Mtwara mjini, upande wa Majengo. Mabenchi 14, runinga mbili, jenereta ndogo, na turubai jeusi la kuzuia mwanga wa mchana. Kabla ya hapo nilizunguka Mtwara na Lindi miaka minne nikikusanya takwimu za utafiti wa vyombo vya habari, nyumba kwa nyumba, nikiuliza watu jana walitazama nini na saa ngapi. Kazi hizo mbili zimenionyesha kitu ambacho wenzangu wengi wenye vibanda hawajakishika, na kinawatia hasara kila msimu. Watu wakipungua, kuna sababu mbili tofauti kabisa: wamekikataa kipindi, au hawapo. Dawa ya moja ni sumu kwa nyingine.

Mimi mwenyewe nilikunywa hiyo sumu. Mwaka wa kwanza niliweka tamthilia ya kutafsiriwa saa 9 alasiri, wakati akina mama wameshaosha vyombo vya mchana na bado hawajawasha moto wa jioni. Mwezi wa nane nilikuwa napata akina mama 30 na zaidi, wengine na watoto mgongoni. Mwezi wa kumi wakaanza kushuka. 22. 15. Siku moja wakawa 9. Nikasema basi, imewachosha. Nikaitoa, nikaweka muvi za mapigano ili nipate vijana.

Akina mama hawakuwa wamechoka na chochote. Walikuwa mashambani wanaokota korosho. Walivyorudi mwaka mpya, vidole bado vina madoa ya mabibo, wakakuta tamthilia haipo. Mmoja alisimama mlangoni na kanga yake begani akaniuliza, "Mama, kumbe ulishatufukuza?" Sikuwa na la kumjibu. Wakahamia kwa mwenzangu wa mtaa wa pili, ambaye yeye aliiacha tamthilia yake ijiendee hata kwa watu watano. Nilihangaika hadi Ramadhani iliyofuata ndipo nikaanza kuwaona tena.

Hesabu mbili za watu wa runinga

Vituo vya runinga vina hesabu mbili, na ukizijua hizi utalala usingizi. Ya kwanza ni reitingi: katika nyumba zote zenye runinga, ni ngapi kati ya kila 100 zilizokuwa zikitazama kipindi chako. Ya pili ni fungu: katika zile zilizokuwa zimewasha runinga saa hiyo tu, ni ngapi kati ya 100 zilikuwa kwako.

Chukua mtaa wenye nyumba 100 zenye runinga. Saa 2 usiku, muda wa taarifa ya habari, nyumba 60 zimewasha, na 15 ziko kwako. Reitingi yako ni 15, fungu lako ni 25. Saa 5 usiku zimewasha nyumba 20 tu, wengine wamelala, na 10 ziko kwako. Reitingi imeshuka hadi 10, lakini fungu limepanda hadi 50. Mpangaji wa vipindi anayetazama reitingi peke yake atakiua kipindi cha saa 5 usiku, na atakuwa amekiua kipindi ambacho nusu ya walio macho wanakipenda.

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Marekani, tarehe 28 Februari 1983, kituo cha CBS kilipoonyesha sehemu ya mwisho ya tamthilia ya M*A*S*H. Reitingi ilikuwa 60.2 na fungu 77. Gawanya ya kwanza kwa ya pili utapata kwamba nyumba kama 78 katika kila 100 zilikuwa zimewasha runinga usiku ule. Ukiwa na hesabu zote mbili, unajua pia walio macho ni wangapi, na hiyo ndiyo niliyoikosa mwezi ule wa kumi. Wale 9 waliokuja kwangu huenda walikuwa karibu akina mama wote waliobaki mtaani. Fungu langu lilikuwa zuri, nami nikalitupa.

Kuhesabu ndani

Usihesabu kwa pesa ya kiingilio. Kiingilio kinakuambia nani aliingia, hakikuambii nani alikaa. Marekani, kampuni ya Nielsen, inayopima watazamaji wa runinga, ilileta mwaka 1987 mita yenye vitufe, kila mtu wa nyumba na kitufe chake, anabonyeza akianza kutazama na anabonyeza akiondoka. Uingereza kuna shirika la BARB, linafanya kazi hiyo ya kupima tangu 1981. Kote huko wanachotafuta ni dakika za kukaa.

Mimi ninatumia korosho ghafi na makopo mawili. Kijana wangu wa mlangoni akiona mtu anaingia, anahamisha korosho moja kutoka kopo la kushoto kwenda la kulia. Mtu akitoka moja kwa moja, korosho inarudi. Kila robo saa anahesabu za kulia na kuandika kwenye daftari. Mwanzoni alilalamika, "Mama, si tuhesabu tu kwa macho?" Nikamwambia, "Mwanangu, gizani macho yanahesabu vichwa vya mbele tu." Wiki ya pili tukaona kitu. Muvi moja iliyokuwa ikiingiza watu 41 ilikuwa na 17 inapofika nusu yake. Kwa pesa ilikuwa muvi bora ya wiki. Kwa korosho ilikuwa inafukuza watu, na wale waliotoka hawakurudi kesho yake.

Kwenye daftari andika tarehe, saa, ulichoonyesha, na waliokaa kila robo saa. Halafu acha nafasi pana pembeni, kwa ajili ya mambo ya mtaa: umeme ulikatika, mvua, msiba, harusi, hela za mnada wa korosho zimeingia, watoto wanafanya mitihani. Bila nafasi hiyo namba zako zitakudanganya. Siku ya msiba mtaani weka alama na usiiingize kabisa kwenye wastani wako. Vilevile wiki ya Simba na Yanga, kwa sababu wiki hiyo hata ukuta ungepata watazamaji. Vituo vya Marekani vilizoea miezi ya Novemba, Februari, Mei na Julai, ambayo vipimo vyake ndivyo vilivyopanga bei ya matangazo, kurundika humo vipindi vyao vyote vikali. Wakipima wakati wa sherehe wanapata hesabu ya sherehe.

Kuhesabu nje

Hapa ndipo wengi wanaishia njiani, maana inahitaji miguu. Watu waliomo kibandani hawawezi kukuambia kwa nini wengine hawaji. Inabidi utoke.

Huhitaji kuuliza mtaa mzima. Umeona ghalani wanavyopima korosho? Hawapasui gunia zima. Wanachoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli, la juu na la chini, la mbele na la nyuma, wanachanganya, wanapasua kiasi kidogo, na shehena nzima inapewa daraja. Kinachoharibu kipimo ni kuchoma magunia ya mlangoni tu. Kwa hiyo usiulize marafiki, wala nyumba za jirani na kibanda. Mimi huanzia msikitini, nahesabu nyumba, naingia kila ya tano, hadi nifikishe 20. Nikikuta mlango umefungwa narudi jioni, sirukii nyumba inayofuata. Nyumba zilizofungwa mchana ni za watu wanaofanya kazi, na ukiziruka utabaki na maoni ya waliokaa kivulini.

Halafu swali. Usiulize, "Unapenda kutazama nini?" Uliza, "Jana saa 2 usiku ulikuwa wapi, na runinga ilikuwa kituo gani?" Nilijifunza hili Mikindani, barazani kwa mzee mmoja. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha mkekani. Nikamuuliza anapenda nini. Akaniambia kwa heshima zote kwamba yeye ni mtu wa taarifa ya habari, mengine ni ya watoto. Mjukuu wake aliyekuwa anachambua mchele akacheka: "Babu, jana si ulituambia tusihamishe tamthilia mpaka yule binti aolewe?" Mzee hakuwa mwongo. Nilimuuliza juu ya hadhi yake, akanijibu juu ya hadhi yake. Nilipogeuza swali na kumuuliza juu ya jana, saa kwa saa, akanipa jioni yake yote, pamoja na usingizi.

Mama mwenye mume muulize akiwa peke yake. Kijana usimuulize mbele ya mama yake. Na yule aliyesema hakutazama chochote, muulize alikuwa anafanya nini, maana huyo ndiye wa thamani kuliko wote: anakuambia jioni yake imejaa nini.

Sasa panga

Saa isiyobadilika inashinda kipindi kizuri. Mama anayetoka kisimani hana muda wa kuuliza leo ni saa ngapi. Tamthilia iwe saa ileile, Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka miguu yake imlete yenyewe.

Kipindi kipya usikitupe peke yake. Kipakie mshikaki kama bodaboda: chenye nguvu mbele, kipya katikati, chenye nguvu nyuma. Waliokuja kwa cha kwanza na wanaosubiri cha mwisho watakikuta hapo kati. Vituo vinajua jinsi kipindi kinavyobebwa na kilichotangulia. Mwaka 1996 kituo cha NBC cha Marekani kiliiweka tamthilia ya vichekesho ya Friends mara tu baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, na watu wapatao milioni 52.9 wakaitazama. Ila daftari lako liwe linatofautisha anayebebwa na anayetembea. Kipindi changu cha vichekesho kilikuwa na watu 38 baada ya mpira. Nikakipa siku yake ya Jumanne, wakawa 12. Sikukifuta, nilikirudisha nyuma ya mpira, ndipo mahali pake.

Usigombane na mwenye nguvu kuliko wewe kama unaweza kumpisha. BBC ya Uingereza ilipoanzisha tamthilia ya EastEnders, Februari 1985, iliiweka saa 1 jioni kwa saa za kule, ikagongana na tamthilia ya Emmerdale Farm ya ITV ya hukohuko Uingereza, ambayo watu walikuwa wameshaizoea. Mwezi wa tisa mwaka huohuo wakaisogeza nusu saa mbele. Tamthilia ileile, waigizaji walewale, nusu saa tu. Kabla hujatupa kitu, kisogeze kwanza nusu saa na ukipe wiki tatu.

Mpira wa Ulaya una mtego wake. Tanzania hatubadilishi saa, wao wanabadilisha, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mechi za Uingereza za Jumamosi ambazo kwao huanza saa 9 alasiri, kwetu huwa saa 11 jioni, halafu kuanzia mwisho wa Oktoba zinakuwa saa 12 jioni. Hapa kwetu Novemba adhana ya magharibi inaingia mpira haujafika hata nusu saa. Nusu ya mabenchi inasimama kwenda kuswali na kurudi. Mimi huwa sitozi mara ya pili, na robo saa hiyo naiwekea alama kwenye daftari, maana asiyejua ataona kama mechi imekataliwa. Zile za Klabu Bingwa Ulaya zinazoanza saa 4 usiku zinahamia saa 5 usiku, na hapo piga hesabu ya mafuta ya jenereta kwanza.

Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, punguza gharama za alasiri lakini usiondoe tamthilia. Siku hizi naonyesha kwenye runinga moja ndogo, kwa hao 9, na Jumapili narudia sehemu zote za wiki kwa walioshinda mashambani. Hela za mnada zikiingia, jioni zinajaa zenyewe. Ramadhani funga alasiri kabisa na ufungue baada ya tarawehe.

Muvi ziwe zenye kibali cha Bodi ya Filamu, na watoto wa shule wasiingie siku za masomo. Hili silijadili na mtu.

Daftari lina faida nyingine. Wakala wa pesa wa kona yetu alitaka kubandika tangazo lake ukutani kwa bei ya soda. Nikamfungulia kurasa za mwezi mzima, robo saa kwa robo saa, nikamwonyesha kwamba saa 1 jioni akina mama wenye biashara ndogo ni wengi kuliko vijana. Akalipa ya miezi mitatu, na akaomba tangazo lisomwe kabla ya vichekesho, si kabla ya mpira.

Anza Jumatatu. Tafuta makopo mawili na daftari lenye mistari, andika wiki nne bila kubadilisha chochote, hata kama moyo unakuwasha. Wiki ya tano toka ukapige hodi nyumba zako 20. Kisha ukaandike ratiba kwenye ubao wa mlangoni kwa chokaa, maana chaki inafutika kwa mvua.