Namna ya kupima kama Bunge la Kenya limevuka mipaka yake linapobadili Katiba

Mswada wa kubadili Katiba unapochapishwa, watu wengi huanza kwa kubishana kama ni mzuri au mbaya. Mahakama haianzii hapo, nawe usianzie hapo. Fungua kwanza Kifungu cha 255(1), kinachotaja mambo kumi, yakiwamo mamlaka kuu ya wananchi, Sheria ya Haki, muhula wa Rais, uhuru wa Mahakama na muundo wa ugatuzi, kisha upitie mswada neno kwa neno ukijiuliza kila pendekezo litazaa nini, kwa maana jina la mswada linaweza kuficha mengi. Mswada ukigusa hata jambo moja kati ya hayo, Bunge haliwezi kuumaliza peke yake: ni lazima ufike kwenye kura ya maamuzi, ambapo angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa katika kila mojawapo ya kaunti zisizopungua 24 watashiriki, na wengi wa waliopiga kura nchini wauunge mkono.

Baada ya hapo, kagua njia iliyofuatwa. Ikiwa mswada umeanzia bungeni, Kifungu cha 256 kinataka siku 90 zipite kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili, na thuluthi mbili ya wabunge wote waupitishe katika kila bunge, yaani kura 233 katika Bunge la Kitaifa na 45 katika Seneti. Hesabu wabunge wote, si waliohudhuria tu.

Ikiwa umeletwa kwa sahihi milioni moja za wapiga kura chini ya Kifungu cha 257, uliza ni nani hasa aliyeuanzisha. Swali hili ndilo lililouangusha Mpango wa Maridhiano, BBI, yaani mpango wa kubadili Katiba uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Mnamo Mei 2021 Mahakama Kuu ilisema Katiba ina muundo msingi ambao Bunge haliwezi kuugusa, na Mahakama ya Rufaa ikakubali Agosti mwaka huo. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ilikataa nadharia hiyo, ila ikashikilia kwamba Rais hawezi kutumia njia iliyowekewa wananchi, na kwamba maeneobunge mapya 70 yaliingizwa bila kuushirikisha umma. Kwa maoni yangu, fundisho hili lina thamani kuliko nadharia yenyewe, kwa sababu linampa mwananchi wa kawaida jambo analoweza kulithibitisha kwa karatasi.

Kwa hiyo kusanya karatasi hizo mapema: kumbukumbu rasmi za Bunge zenye tarehe na hesabu ya kura, matangazo ya vikao vya kutoa maoni, na nakala ya mswada kabla na baada ya kila badiliko, ili ujue ni kipengele gani kilichopenyezwa baada ya wananchi kusikilizwa. Ukigundua kasoro, Kifungu cha 258 kinampa kila mtu haki ya kwenda Mahakama Kuu, hata kama yeye binafsi hajadhurika.