Kabla Fundi wa Faiba Hajapanda Ngazi

Ukitaka intaneti ya nyumbani, usianzie dukani. Toka nje kwanza utazame ni waya wa nani unaopita kwenye nguzo yenu, kisha waulize majirani wawili watatu wanatumia nini na saa mbili usiku hali huwaje. Modemu, kifaa kinachopokea intaneti, huchaguliwa na laini inayoingia nyumbani. Faiba huja na kisanduku chake, kile mafundi wanachokiita ONT, na kampuni hukisajili kwenye mtambo wake kwa namba ya kifaa. Ukijinunulia chako mtaani kitabaki kuwaka taa tu. Kebo nene ya duara, kama ile ya antena ya televisheni, inataka modemu ya kebo. Kwa 4G au 5G ni ruta yenye tundu la SIM, yaani modemu na ruta inayogawa WiFi ndani ya boksi moja.

Ruta za mtumba zinazoshuka na makontena kutoka Uingereza ni rahisi, na urahisi wake una sababu. Tazama nyuma: kama tundu la kuingizia intaneti ni lile dogo la waya wa simu, ilitengenezewa laini za simu za huko na faiba yako haina pa kuingilia. Nyingine zina tundu la WAN, la kupokelea intaneti kwa waya, lakini programu yake imefungwa na kampuni iliyoitoa. Ziache.

Ukinunua mpya, hakikisha ina masafa yote mawili, 2.4 na 5 GHz. Wingi wa antena ni mapambo zaidi kuliko nguvu. Soma pia kasi ya matundu: yakiandikwa 100 Mbps, hutapata zaidi ya 94 au 95 hata ulipie nini. Kifurushi chako kikiwa cha 20 au 40, hilo lisikusumbue, weka pesa zako. Na ujue kuwa 20 Mbps ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, ili usije ukamgombeza mtu bure wakati faili linapakuliwa.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: kisanduku kitakaa wapi. Amua kabla fundi hajafika, kwa sababu fundi ana nyumba nyingine za kwenda na atakifunga pale waya unapoingilia, yaani mlangoni. Katika nyumba ya vyumba viwili Bamburi, hapa Mombasa, unaweza kuponea hapo. Mji wa Kale huponi. Kuta za kule ni matumbawe na chokaa, unene wake hukaribia nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Maana yake kila baada ya mita tatu hivi mawimbi yanagonga ukuta mwingine. Yale ya 5 GHz hufa ukuta wa kwanza, ya 2.4 hujikokota mpaka wa pili.

Haya ndiyo yanayozikuta nyumba za ghorofa tatu za namna hiyo. Kisanduku kimefungwa chini, juu hakufiki kitu. Wenyewe wananunua ruta ya antena sita na kuiweka pale pale kando ya ile ya kwanza. Juu bado kimya, kwani ukuta hauogopi antena. Wanavuta waya mpaka ghorofa ya pili na kuchomeka ruta mpya, LAN kwa LAN (yale matundu ya kugawia vifaa vya ndani), bila kubadilisha mpangilio hata mmoja. Kuanzia hapo nyumba ina ruta mbili zinazogawia vifaa anwani za mtandao, kila moja ikijiona ndiyo lango la kutokea intanetini. Simu ikijibiwa na ile ya chini, inafanya kazi. Ikijibiwa na ile ya juu, inaelekezwa kwenye lango lisilotoka popote: alama ya WiFi imejaa, intaneti hakuna. Pengine zote mbili zina anwani ya 192.168.1.1, na hapo fujo inazidi. Leo simu ya baba inakubali na ya bibi inakataa, kesho kinyume chake. Kampuni inapigiwa simu, fundi anakuja, anapima laini, anaikuta nzima, anaondoka. Wiki zinapita hivyo, na lawama zinaenda kwa laini isiyo na kosa.

Dawa yake ni dakika kumi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili uigeuze iwe Access Point, yaani itoe WiFi tu bila kugawa anwani. Kama haina chaguo hilo, na ile ya kwanza ni 192.168.1.1, ipe anwani ya 192.168.1.2 (hakikisha ile ya kwanza haigawi anwani hiyo), zima DHCP yake, yaani ule ugawaji wa anwani, kisha chomeka LAN kwa LAN. Ukitaka kuiacha iwe ruta kamili, waya uingie tundu la WAN na anwani yake ya ndani iwe 192.168.2.1. Lakini rahisi kuliko yote ilikuwa kumwambia fundi siku ya kwanza: vuta faiba mpaka ghorofa ya kati, kwenye ngazi, hata ikibidi kulipia mita zilizozidi. Mwenye nyumba awe amekubali mapema. Na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, hivyo tafuteni tundu lililopo tayari kabla mtu hajainua drili kwenye ukuta wa mbele.

Faiba yenyewe haitaki kona kali. Ikizungushwa, mviringo wake usiwe mdogo kuliko kisahani cha chai. Kichwa cha kijani huingia tundu la kijani: kimekatwa mshazari, na ukikilazimisha kwenye tundu la bluu mwanga unapotea na ncha zinaharibika. Usiiguse ncha kwa kidole wala usiichungulie. Mwambie fundi akuonyeshe kipimo cha mwanga kabla hujatia sahihi. Kati ya -15 na -24 dBm ni salama; kadiri namba inavyozidi kushuka, mwanga ni hafifu zaidi. Ikikaribia -27 kwa vifaa vingi uko ukingoni, na mvua au mkunjo mdogo tu utawasha taa nyekundu ya LOS, ya kupotea kwa mwanga.

Waya wa ndani, Cat5e unatosha: gigabiti moja hadi mita 100. Kwaruza ncha kwa kisu. Ikitokea nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie muuzaji. Jozi moja ikikatika kati ya nne, kasi inaweza kuanguka hadi 100 Mbps bila kukuambia. Waya unaopita nje uwe mweusi wa kuhimili jua, na kabla haujaingia ukutani ulegee chini ya tundu kidogo, ili maji ya masika yadondokee nje badala ya kuufuata mpaka ndani ya kifaa. Kwa walio karibu na bahari, Nyali au Likoni, usiache kiungio chochote cha shaba wazi barazani. Hewa ya chumvi haina haraka, ila haisahau.

Stima: kinachoua vifaa ni ule mshtuko wa kurudi kwake. Weka kizuizi, aina ya TV guard inayosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme. Ukitaka kuendelea gizani, nunua UPS ndogo ya 12V, yaani betri ya akiba, lakini piga hesabu. Betri iliyoandikwa 10,000 mAh ni ya seli za 3.7V, yaani wati-saa (Wh) 37. Kisanduku na ruta zikila wati 15 kwa pamoja, tarajia kama saa mbili. Adapta za ruta hufanana vichwa na kutofautiana volti, 5, 9 na 12. Ziandike kwa kalamu.

WiFi ya 2.4 iweke kwenye chaneli 1, 6 au 11, hasa kwenye magorofa ya Tudor na Kizingo ambako kila ukuta una ruta. Usalama uwe WPA2 au WPA3, WPS (ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila) izimwe, nywila ya kuingilia mipangilio ibadilishwe. Pima kasi kwanza kwa waya, ndipo upime kwa WiFi. Zikitofautiana sana, usiilaumu laini.

Usifiche ruta nyuma ya televisheni, wala juu ya friji, wala ndani ya kabati la vyombo. Piga picha ya jina na nywila ya PPPoE, ya kuingilia mtandao wa kampuni, kama laini yako inazitumia, kwa sababu kile kitundu cha reset kikibonyezwa kwa sekunde kumi kinafuta vyote. Watoto waambiwe, na yule mgeni anayejifanya fundi aambiwe pia.