Kabla Hujalala Chini ya Gari Kuziba Oili Inayovuja

Nianze na yale ambayo hata kijana aliyeingia gereji juzi anayajua. Gari lipoe kwanza. Waya wa negativu wa betri utoke. Vaa glavu, kwa sababu oili chafu ikizoea ngozi yako miaka na miaka inaleta magonjwa, saratani ya ngozi ikiwemo. Usifungue injini Jumamosi jioni: ukikuta mpira umekatika, Kariakoo utaupata Jumatatu, na hiyo Jumatatu kazini utakwenda kwa daladala. Masika usifungue kitu uani pasipo na paa, hata kama asubuhi jua linachoma.

Jeki ni habari nyingine, hapo tutulie kidogo. Viwanja vyetu vingi Dar ni mchanga. Jeki ikikaa juu ya mchanga inazama upande mmoja taratibu, wewe uko chini unahangaika na nati, huoni. Weka ubao mpana na mnene chini yake. Na jeki kazi yake ni kunyanyua tu, kushikilia ni kazi ya stendi za chuma, mbili, chini ya chesisi au ekseli. Tofali la saruji usilitumie kabisa. Halitoi dalili, linapasuka ghafla, na Hilux haina huruma. Kama huna stendi, kaazime. Kama hukupata wa kukuazima, leo usiingie chini.

Halafu kuna jambo la magari haya ya fowili, yanayosukumwa na magurudumu yote manne, ambalo wenye magari madogo hawalijui. Ile gia fupi ya pembeni, ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), ikiwa nyutro, gari linatembea hata kama umeliacha kwenye gia namba moja. Umeingiza gia, umeridhika, kumbe injini na magurudumu havijuani. Na kwenye Land Rover Defender za zamani hendibreki inashika propela ya nyuma (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli), si magurudumu. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, lile lililo hewani linazunguka bure na gari linaweza kuondoka. Kwa hiyo weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kila mara, hata kama uwanja umenyooka kama meza.

Sasa tufike pale paliponigharimu. Nina Hilux ya dizeli, injini 3L, ile ya lita 2.8. Ilianza kuacha tone chini kila asubuhi, pale injini inapokutana na giaboksi. Nikamwita fundi wa mtaani. Aliinama nusu dakika, akajipangusa magoti, akasema, "Bosi, sili ya nyuma ya krenki hiyo. Hakuna kingine." Yaani mpira unaozuia oili pale krenki, mhimili mkuu wa injini, inapotokea nyuma. Mimi nami, kwa kuwa nilishajisomea kidogo, nikatingisha kichwa kama mjuzi mwenzake.

Kwa gari dogo kuibadilisha sili hiyo ni kazi. Kwa fowili ni adhabu. Zinashuka propela zote mbili, inashuka transfa pamoja na giaboksi, na huo mzigo watu watatu mnaupokea kwa kuomba Mungu. Kisha pleti ya klachi, kisha flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ndipo unaiona sili yenyewe, kaduara ka mpira. Tulianza Ijumaa, tukamaliza Jumapili magharibi. Kidole changu cha shahada kilibanwa na giaboksi wakati wa kurudisha, mpaka leo kucha yake imepinda. Gharama ya fundi na wasaidizi wake, laki mbili na nusu, achilia mbali chakula.

Jumanne asubuhi nikatoka na kikombe cha chai mkononi. Tone liko palepale, jeusi, duara, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gari lilishaniambia. Tulipotoa klachi, ndani palikuwa pakavu. Vumbi jeusi la klachi limetulia, kavu, ukilipuliza linapeperuka. Sili ya nyuma ikivuja kweli, huko ndani panalowa na flaiwili inang'aa oili. Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza, kwa sababu giaboksi lilishakuwa chini na hela nimeshatoa. Nani anataka kusikia habari hizo saa hiyo?

Jirani yangu ni mzee aliyeendesha malori miaka mingi. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakuuliza habari za sili. Aliuliza, "Mwanangu, uliiosha kabla?"

Sikuosha. Na hilo ndilo ninalokupa kabla ya spana yoyote: osha injini, kausha, ndipo utafute. Oili inateremka, na gari likiwa kwenye mwendo upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea ni mwisho wa safari yake tu. Funika alternita kwa mfuko wa plastiki. Usimwagie maji ya baridi pampu ya dizeli iliyo moto, inaweza kukwama. Usitumie petroli kuoshea. Dizeli kidogo na brashi inatosha kulainisha uchafu, kisha sabuni na maji. Iache ikauke kabisa. Kisha chukua poda ya mtoto, ipulizie nyuma ya injini, pembeni, chini, kote unakoshuku, zunguka nayo kilomita kumi hivi, urudi na tochi.

Mimi nilipanda na kushuka kilima cha Goba mara moja. Niliporudi na kufungua boneti, nyuma ya injini, kwenye ile poda nyeupe, kulikuwa na mstari mmoja mwembamba kama wanja. Nikaufuata na tochi kwenda juu. Ulianzia chini ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, mwishoni kabisa, kwenye kipande cha mpira chenye umbo la nusu mwezi kinachoziba kichwa cha injini. Kilikuwa kigumu kama plastiki. Oili inatoka pale, inashuka ukutani mwa injini, inapita kwenye ungio la giaboksi kwa nje, inadondoka. Mpira huo na gasketi ya kava havikufika elfu arobaini, na kazi nzima ni saa mbili bila kulala chini.

Kwa hiyo anza juu, ushuke. Tapeti kava kwanza. Kisha swichi ya presha ya oili, kidude kidogo kinachovuja sana kwenye magari yaliyozeeka na kubadilisha ni dakika chache. Kisha pale filta inapokaa, kisha sili ya mbele ya krenki, kisha sampu, lile karai la oili chini ya injini. Sili ya nyuma iwe ya mwisho kushukiwa. Nusa pia: oili ya giaboksi na difu (boksi la gia katikati ya ekseli) ina harufu kali ya kiberiti, kama yai viza. Ukinusa hivyo, injini yako haina kosa. Tone likiwa jekundu, mara nyingi ni la giaboksi ya otomatiki au stelingi.

Angalia na bomba la kupumulia, lile linalotoka kwenye tapeti kava kwenda njia ya hewa. Likiziba, presha inajaa ndani ya injini na kusukuma oili kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Utabadilisha hii, kesho itavuja ile. Litoe, lioshe, lipulize. Kama bomba ni safi na bado ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma unakutana na moshi unaosukuma kwa nguvu, basi ringi za pistoni zimechoka, na gasketi haziwezi kukuokoa hapo.

Spea: nenda na kile cha zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi. Usiseme "nipe ya Hilux", utapewa ya Hilux fulani. Sili bandia unaijua kwa mdomo wake mgumu na springi iliyolegea, ingawa nyingine zimetengenezwa vizuri kiasi kwamba mimi mwenyewe nimeshapigwa mara mbili.

Silikoni, wewe fundi wa nyumbani, punguza mkono. Inayofurika nje unaiona. Inayofurika ndani inakatika, inaelea, inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili, na injini isiyopata oili inakufa ndani ya dakika chache. Uso wa chuma uwe safi na mkavu, mstari mwembamba, na uipe muda wa kukauka ulioandikwa kwenye tyubu. Nati za tapeti kava nazo usizikaze kwa hasira. Kava ikipinda, umejitengenezea kuvuja kupya.

Oili chafu isiende mtaroni, maana ya mtaroni inaishia mtoni na baharini. Weka kwenye dumu. Wako wanaopita kununua, na maseremala wanaipaka mbao kuzuia mchwa. Ukimaliza, pima oili, washa, acha iungurume, zima, pima tena. Tandika boksi chini ya gari usiku, uweke alama magurudumu yalipo, ili tone la asubuhi ujue limetoka wapi.

Mtu wa nyumbani ajue kwamba uko chini ya gari. Simu iwe karibu, usiiache sebuleni kwenye chaji. Kuku na watoto wakae mbali. Na ufunguo wa gari uweke mfukoni mwako, si kwenye swichi, si juu ya dashibodi, maana mtoto akikuona umelala anajua leo ni zamu yake ya kuendesha.