Kurejesha Faili Zilizofutwa kwenye Flashi kwa Amri za Linux

Mara unapogundua kwamba umefuta faili usiyokusudia kuifuta, usiandike chochote tena kwenye flashi hiyo, hata faili moja ndogo. Katika flashi yenye FAT32, mfumo wa kupanga faili unaotumika kwenye flashi nyingi, kompyuta inapofuta faili hubadilisha baiti (herufi moja) ya kwanza ya jina lake kuwa alama ya E5 na kuihesabu nafasi yake kuwa tupu, lakini yaliyomo hubaki palepale mpaka faili nyingine iandikwe juu yake. Ndiyo sababu programu ya UNDELETE, iliyokuja na MS-DOS 5.0, mfumo wa kompyuta wa Microsoft, mwaka 1991, ilimtaka mtumiaji ataje herufi ya kwanza ya jina la faili, kwani ni hiyo tu iliyokuwa imepotea.

Kwenye Ubuntu au Debian, sakinisha vifaa vya kazi katika diski ya kompyuta yenyewe:

sudo apt install testdisk gddrescue

Chomeka flashi, kisha andika lsblk, amri inayoorodhesha diski zote. Itambue kwa ukubwa wake: flashi ya GB 16 huonekana kuwa na takriban 14.9G. Tuseme imeitwa sdb, na sehemu yake ya kwanza sdb1. Soma jina hilo mara mbili kabla ya kuendelea, kisha itenganishe na mfumo na uinakili yote:

sudo umount /dev/sdb1
sudo ddrescue /dev/sdb flashi.img flashi.map

Wengi huiruka hatua hii kwa haraka, nami nasisitiza isirukwe. Nakala hiyo, flashi.img, huhitaji nafasi sawa na ukubwa wa flashi nzima, hata kama ilikuwa na faili tatu tu, lakini ukishaipata unaweza kuichomoa flashi na kuiweka kando, na kila jaribio, hata likiharibika, litafanyika juu ya nakala.

Anza na TestDisk, kwa sababu hurejesha faili pamoja na majina yake:

sudo testdisk flashi.img

Chagua aina ya jedwali la sehemu (orodha ya migawanyo ya diski) inayopendekezwa, ingia Advanced, kisha Undelete. Faili zilizofutwa huorodheshwa, na baadhi huanza na alama ya _ mahali pa ile herufi iliyopotea. Weka kishale juu ya faili unayoitaka, bonyeza c, kisha uchague folda ya kuihifadhi, ambayo isiwe ndani ya flashi.

Iwapo flashi ilifomatiwa au orodha ikatoka tupu, tumia sudo photorec flashi.img. Programu hii haitazami majina, bali hutafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Matokeo huwekwa kwenye folda za recup_dir yakiwa na majina ya namba, kwa hiyo itakubidi uyafungue moja baada ya jingine. Faili iliyokuwa imetawanyika vipandevipande huenda ikafunguka nusu, au isifunguke kabisa.

Kwa diski za SSD, yaani diski za ndani zisizo na sehemu zinazozunguka, matumaini ni madogo, kwa kuwa amri ya TRIM huiarifu diski mapema kwamba nafasi hiyo haihitajiki tena, nayo huweza kuisafisha yenyewe.