Kutambua molekuli za Orion KL kwenye data za Herschel, hatua kwa hatua

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi mmoja aliyeamini amepata molekuli mpya ndani ya Nebula ya Orion, kwenye Orion KL, eneo la gesi nzito zinakozaliwa nyota, katika data za darubini ya angani ya Herschel. Mstari wake kwenye spektra (mchoro wa nguvu ya mawimbi kwa kila masafa) ulikuwa mrefu, umesimama vizuri, na hakuna katalogi iliyoutaja. Kumbe ni kivuli cha monoksidi ya kaboni (CO), yaani mstari wake uliojitokeza kwenye masafa yasiyo yake. Kivuli cha namna hiyo kiliwahi kunila siku mbili nzima, ndiyo maana hatua ya 3 ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Pakua data

Hifadhi ya data za Herschel iko wazi kwa yeyote. Tafuta Orion KL, chagua kifaa cha HIFI (kipima spektra cha Herschel), chukua daraja la 2, yaani data zilizokwisha kuchakatwa.

Hatua ya 2: Fungua kwa CASSIS

HIPE, programu ya Herschel yenyewe, iache kwa anayetaka kuchakata data upya tangu mwanzo. Kwa kazi hii ni mzigo kwa kompyuta ya kawaida. CASSIS, programu ya kuchambua spektra, ni ya bure na inakupa katalogi za mistari ya molekuli za CDMS na JPL humo humo.

Hatua ya 3: Jua mstari umetoka upande gani

HIFI huchanganya mawimbi ya angani na mawimbi ya osileta yake (chombo kinachotoa wimbi la masafa yanayojulikana), kisha hupima tofauti ya masafa inayobaki. Kwenye bendi ya 1 hadi ya 5, tofauti hiyo ni gigahezi 4 hadi 8. Sasa, tofauti peke yake haikuambii kama mstari ulikuwa juu ya osileta au chini yake. Kwa hiyo unapewa faili mbili, USB (upande wa juu) na LSB (upande wa chini). Data ni zile zile. Kilichobadilika ni mhimili wa masafa. Ukifungua moja tu, nusu ya picha umeikosa.

Chukua CO 5–4, yaani mstari wa CO inaposhuka kutoka ngazi ya 5 ya mzunguko hadi ya 4. Masafa yake ni gigahezi 576.268, lakini gesi ya Orion KL inakwenda kama kilomita 9 kwa sekunde, hivyo utauona karibu na 576.25. Osileta ikiwa 570.5, tofauti ni 5.75. Kwenye faili ya LSB mstari huo huo utajitokeza 564.75, mahali ambapo CO haina mstari wowote. Ndipo mwanafunzi wangu aliponasa.

Dawa ni kulinganisha na uchunguzi mwingine wenye osileta tofauti. Iweke 571.0: mstari wa kweli unabaki 576.25, kivuli kinaruka hadi 565.75. Osileta imesogea nusu gigahezi, kivuli kimesogea nzima.

Angalia mambo mawili. Kwanza, usichague osileta zilizokaribiana mno: mabawa ya CO hapa ni mapana, na msogeo wa megahezi chache humezwa humo. Pili, uchunguzi wa kufagia masafa una daraja la 2.5, ambapo pande mbili zimeshatenganishwa. Linasaidia sana, ila karibu na mistari yenye nguvu hubaki mabaki ya kivuli. Mstari wowote unaotaka kuutangaza, rudi nao daraja la 2 uuone kwa macho yako.

Hatua ya 4: Soma kasi na upana

Boriti ya Herschel (doa la anga inaloliona kwa mara moja) kwenye gigahezi 557 ina upana wa sekunde za tao 38 hivi, kwa hiyo kila kitu cha KL kimo ndani yake na kasi ndiyo itakayokitenganisha. Kiini cha moto huwa karibu na kilomita 5 kwa sekunde, tuta dogo la gesi karibu na 8 na mistari yake ni myembamba. Mistari ya gesi inayotimuliwa kwa nguvu inapita kilomita 20 kwa sekunde kwa upana.

Hatua ya 5: Dai ndugu za mstari

Mstari mmoja hautoshi. Umeona CO? Basi 13CO 5–4 (CO yenye kaboni-13) iwepo gigahezi 550.926. Methanoli ina mistari mingi mno. Ukiitaja, onyesha na mingine ya nishati inayokaribiana nayo, la sivyo ifute. Kundi la Goldsmith lililotangaza oksijeni ya molekuli hapa mwaka 2011 lilikuwa na mistari mitatu, gigahezi 487, 774 na 1121, yote kwenye kasi ya karibu kilomita 11 kwa sekunde.