Nairobi hadi New York kwa ndege moja: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka

Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800 angani. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kwenda huko moja kwa moja, msafiri anaweza kuumaliza umbali huo bila kushuka njiani: mwendo wa saa 15 hivi kwenda, na kama saa 14 kurudi, maana huko juu pepo kali huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Ukipitia Doha au London safari hurefuka kwa saa kadhaa, na ni lazima uulize mapema kama pasipoti yako inadai viza ya kupita tu.

Naanza na tiketi, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wetu wanapoumia. Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane, zetu huanza na mapambazuko. Kwa hiyo 07:00 ni saa moja asubuhi, si saa saba. Ikiandikwa 00:30 tarehe 12, hiyo ni saa sita na nusu usiku, na msafiri anatakiwa awe uwanjani tarehe 11, saa tatu usiku. Akienda usiku wa tarehe 12, ndege imeshaondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Mama akisafiri peke yake, mwandikie kwenye karatasi siku ya juma na saa ya kutoka nyumbani, kwa saa za Kiswahili.

New York iko nyuma yetu kwa saa 7 kuanzia Machi hadi mapema Novemba, na saa 8 miezi mingine. Ukiruka usiku wa manane utatua kule asubuhi, lakini mwili wako utakuwa umeshafika saa tisa alasiri. Siku hiyo usimwekee mgeni shughuli yoyote.

Kwa anayekunywa dawa kila siku, tofauti hiyo si jambo dogo. Muulize daktari namna ya kusogeza saa za dozi, hasa insulini. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Insulini ikiwekwa kwenye mzigo wa chini inaweza kuganda kwa baridi. Kukaa kitini muda mrefu hivyo kunaweza pia kugandisha damu miguuni. Simama mara kwa mara, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji. Mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kabla ya kulipa nauli.

Nyama na matunda viache nyumbani. Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa huruhusiwa, ila taja kila chakula ulichobeba, kwani kuficha huleta faini.

Kama unaendelea hadi Minneapolis au Dallas, uhamiaji unamalizia New York, na sanduku unalichukua hapo na kulikabidhi upya hata kama lebo yake imeandikwa mji wa mwisho. Acha nafasi ya saa tatu kati ya ndege na ndege. Anwani na simu ya mwenyeji wako ziandike kwenye karatasi: afisa atauliza unafikia wapi, na huenda simu yako ikawa bado haina mtandao.